Barza ya misioni: habari za mahali pa kukutania



Kamati ya Yubile ilitupa kazi ya kuandika sura moja ya kitabu hiki. Orodha ya Mapadri waliopita hapa, hesabu za ubatizo na za ndoa, habari za ujenzi wa kanisa, hayo yote yameandikwa na wengine katika kurasa zilizotangulia, nao wameyaandika vizuri kuliko tungeweza sisi. Tuliomba ruhusa ya kusema juu ya kitu kisichoandikwa katika daftari lolote la parokia: ile barza ya zamani mbele ya nyumba ya Mapadri, pamoja na uwanja wake na miembe yake miwili. Hapo hapakubatizwa mtu wala hapakufungwa ndoa. Hakuna aliyepata mshahara kwa kukaa pale. Lakini ukimwomba mzee wa parokia hii akuelezee maisha yake, hataenda mbali kabla ya kuitaja barza.

Tuseme wazi pia sababu ya kuchagua neno hili. Wote mnajua kwamba kuna shauri la kubomoa barza na kujenga vyumba vya maduka kando ya barabara, ili franga za kodi zisaidie kutengeneza paa la kanisa. Shauri hilo halijakatwa bado. Wenye kulileta si watu wabaya, wala hoja yao si ya upuuzi: mvua inanyesha juu ya altare, na kikapu cha sadaka kinajulikana uzito wake. Basi, kabla ya nyundo kupigwa, tumeona inafaa tukumbuke habari za mahali kama hapo katika inchi yetu, tangu siku za babu.

Neno lenyewe limetoka mbali. Watu wa pwani, kule Unguja na Mombasa, huita baraza lile benchi la mawe lililojengwa mbele ya nyumba, mahali mwenye nyumba anapokaa na jirani na mgeni bila kumwingiza ndani. Misafara ya biashara ililileta neno hilo mpaka Ujiji, ikavuka nalo ziwa Tanganyika, ikafika nalo Kasongo na Nyangwe. Wazungu wa wakati wa Ubelgiji walilichukua vilevile, wakalitumia katika Kifaransa cha Kongo kwa kutaja ile sehemu ya nyumba yenye paa na nguzo, isiyo na ukuta. Ndiyo maana hata leo sisi tunasema barza, bila ile a ya katikati.

Lakini kitu chenyewe kilikuwapo kabla ya neno. Balega walikuwa na lusu, Babembe walikuwa na lubunga: nyumba ya wanaume katikati ya kijiji, paa juu ya nguzo, pande wazi, moto katikati. Chakula kililetwa hapo na wake, nao wanaume wakala pamoja. Hapo mgeni alipokewa, mashauri ya mahari yalisemwa, mtego ulitengenezwa, na kijana alisikia mithali kabla ya kujua maana yake. Hatutaki kusifu kupita kiasi. Lusu ilikuwa ya wanaume. Mwanamke alileta sahani na kurudi. Mahali pake yeye palikuwa mtoni na sokoni, na hasa sokoni.

Juu ya soko, Maniema ina habari moja inayopashwa kufundishwa katika kila masomo ya inchi hii. Mwisho wa mwezi wa Machi 1871 Mwingereza David Livingstone alifika Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, akakaa pale miezi kadhaa akitafuta mtumbwi wa kuvukia. Kwa kukosa kazi nyingine, alikwenda sokoni siku za soko na kuandika yale aliyoyaona. Wanawake walikuja kwa mamia, wengine kwa miguu, wengine kwa mitumbwi kutoka ng'ambo, wakibeba samaki, mafuta ya mawese, chumvi, vyungu, kuku na mihogo. Aliona kwamba hawakuja kwa faida tu. Walifurahi kubishana juu ya bei, kucheka, kuapa, kupata habari za watu wao. Kulikuwa tena na desturi kwamba mwanamke wa soko haguswi, hata kama vijiji vinapigana. Soko lilikuwa na amani yake yenyewe, bila askari na bila ukuta.

Tarehe 15 Julai 1871 amani hiyo ilivunjwa. Watu karibu 1.500 walikuwa sokoni. Watu wa msafara mmoja waliingia na bunduki, jambo lisilofaa siku ya soko. Ugomvi ulianza juu ya bei ya kuku mmoja, nao wakapiga risasi katikati ya watu. Wale waliokimbilia mitumbwi walipigwa na bunduki nyingine karibu na maji. Mitumbwi iligongana katika mfereji mwembamba, wengi wakajitupa mtoni wakafa maji. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alitoka Nyangwe amevunjika moyo. Barua zake zilipofika Ulaya mwaka wa 1872 ziliongeza hasira ya wengi juu ya biashara ya watumwa, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia mkono chini ya mapatano ya kufunga soko la watumwa la Unguja. Kwa hiyo damu ya wanawake wa soko letu ilisaidia kufunga soko lile lingine. Jambo hilo tumelisikia likisemwa mara chache sana, na majina ya wanawake wale hayakuandikwa mahali popote.

Hatuwezi kupita habari hii bila kuangalia neno moja. Wale waliouawa hawakuwa askari, wala hawakuwa katika nyumba zao. Walikuwa mahali pa watu wote. Mtu akitaka kuvunja inchi, mara nyingi huanza hapo.

Mapadri Weupe, waliotumwa na Kardinali Lavigerie, walifika ng'ambo yetu ya ziwa mwaka wa 1880, katika inchi ya Masanze. Mwaka wa 1883 walijenga Kibanga, na mwaka wa 1885 walipokea kituo cha Mpala kutoka mikononi mwa watu wa Mfalme Leopold. Katika misioni hizo za kwanza walikusanywa watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani. Fikirini kidogo hali yao. Huyu alitoka Maniema, huyu Urua, huyu Marungu. Hawakuwa na lugha moja wala babu mmoja, na katika vijiji vile vipya hapakuwa na lusu ya ukoo wa mtu yeyote. Walipata nyumba, walipata shamba, walipata kanisa. Lakini kuwa watu wa mahali pamoja walijifunza wakikaa mbele ya nyumba ya misioni jioni, wakisema Kiswahili kibovu mpaka kikawa chao. Kingwana chetu tunachokidharau wakati mwingine mbele ya watu wa Tanzania ni mtoto wa soko na wa barza. Hakikuzaliwa katika kitabu.

Tena kulikuwa na sheria ya katekumenato. Kardinali Lavigerie aliamuru miaka minne kabla ya ubatizo: miwili ya watu wa medali, na miwili ya wakatekumeno. Miaka minne ni mingi. Wazee wetu walitembea saa nyingi kuja kufundishwa, na baada ya somo hawakurudi mara moja. Walikaa barza wakingoja jua lipungue, au mvua ikatike, au Padri atoke kutazama kidonda cha mtoto. Sisi wakatekista tunapenda kufikiri kwamba imani iliingia kwa mafundisho yetu. Iliingia kwa mafundisho, ni kweli. Lakini wazee wengi wa parokia hii waliotuambia habari za wongofu wao walianza hivi: «Nilikuwa nimekaa barza, nikasikia fulani anasema...» Katika Injili ya Yoane, Bwana wetu alimkuta yule mwanamke wa Samaria kisimani, na yule mgonjwa wa miaka 38 katika matao ya Betesda, na Matendo ya Mitume yanatuonyesha wakristu wa kwanza wakikutana katika ukumbi wa Solomono, yaani barza ya hekalu.

Hatupashwi kusema kwamba barza ya misioni ilikuwa paradiso. Mzungu alikaa kwenye kiti, wengine kwenye benchi au chini. Misioni yenyewe iliogopa mahali pa kukutania pasipo chini ya macho yake. Mwaka wa 1948 Leta ya Wabelgiji iliikataza Bwami ya Balega, na katika misioni wengi walifurahi. Leo tunaona kwamba pamoja na mambo yaliyopingana na Injili ilitupwa pia shule ya mithali, ya heshima na ya kuketi pamoja. Padri mmoja mzee aliyetufundisha Kilatini katika seminari ndogo alituambia siku moja, tukitafsiri habari za forumu ya Roma: «Nanyi mlikuwa nayo, tuliipita bila kuiona.» Hakueleza zaidi, akarudi kwenye sarufi.

Leta nayo iliwapunguzia watu nafasi ya kukaa. Vijiji vilihamishwa kando ya barabara ili vihesabiwe vizuri na kulipa kodi. Yalikuja mashamba ya lazima, pamba na mpunga katika Maniema, kwa sheria iliyofikia siku 120 kwa mwaka. Mtu asiyelima alijua njia ya gereza. Mzee aliyeshinda chini ya lusu akisuka kikapu aliitwa mvivu mbele ya kapita. Siku ikagawanyika kuwa mbili: kazi ya Leta na usingizi.

Mijini ilikuwa vivyo hivyo kwa namna nyingine. Mwaka wa 1931 sheria ya Mfalme iliunda makao ya watu weusi nje ya desturi, mbali na mji wa Wazungu, na usiku mtu mweusi hakuruhusiwa kutembea katika mji ule bila karatasi. Katika makambi ya migodi ya Katanga nyumba zilipangwa mistari kwa mistari, kila kitu kikihesabiwa: posho, kuni, hata watoto. Mahali pekee palipobaki pa watu wote palikuwa uwanja wa mpira. Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita ya Ulaya, bei zilipanda na mshahara ukabaki chini, wafanyakazi wa Elisabethville, inayoitwa leo Lubumbashi, wakaacha kazi. Hawakwenda kuvunja nyumba za watu. Walikwenda uwanjani, wakakaa wakingoja jibu. Tarehe 9 askari walipiga risasi, na makumi ya watu wakafa pale pale uwanjani. Mkisoma habari za Nyangwe na habari hii moja baada ya nyingine, mtaona kwa nini tumeziweka katika sura moja. Na tarehe 4 Januari 1959, pale Leopoldville, mkutano uliokatazwa penye uwanja wa YMCA pamoja na umati uliotoka kwenye mpira ndio uliowasha moto ambao haukuzimika mpaka Uhuru, tarehe 30 Juni 1960.

Baada ya Uhuru tulijifunza tofauti kati ya kukusanyika na kukusanywa. Wazee wa miaka ile ya Zaire wanaikumbuka vizuri. Mwaka wa 1972 vyama vya vijana vya Kanisa vilifutwa na magazeti ya dini yakafungwa. Mwaka wa 1974 Noeli iliacha kuwa siku ya mapumziko na masomo yetu yakachukuliwa na Serikali, mpaka yaliporudishwa kwa mapatano ya mwaka wa 1977. Wakati huo huo watu walikusanywa mara kwa mara kuimba na kucheza kwa sifa ya Chama. Uwanja ulijaa, lakini hapakuwa na mazungumzo. Baba yetu mzazi, aliyekuwa mwalimu, alisema kwamba katika mikutano ile ulimwona jirani yako kila siku bila kujua kama mkewe amepona.

Barza ya misioni haikufungwa miaka ile, kwa sababu hakuna aliyefikiri kuifunga. Haikuwa chama. Haikuwa na kadi wala rais wala muhuri. Vijana ambao chama chao kimefutwa walikuja kukaa tu, na kukaa hakukuwa kosa. Tunaona hapo hekima ya Maaskofu wetu waliokuwa wamekutana Leopoldville mwaka wa 1961, wakachagua kwamba Kanisa la Kongo lijengwe juu ya jumuiya hai, zile tunazoziita shirika. Hata Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walishika njia inayofanana nayo katika miaka ya 1970. Shirika hukutana nyumbani kwa mkristu mmoja, chini ya mti wake au katika barza yake, wala halihitaji jengo. Lakini tuliotembelea shirika nyingi tumeona jambo: shirika ni la majirani wanaojuana. Mgeni, mjane aliyegombana na majirani, Mwislamu, mkristu wa Kanisa jingine, wote hao hawaingii katika shirika. Kwenye uwanja wa misioni wanaingia.

Tufike sasa kwenye yale tuliyoyaona kwa macho yetu. Tarehe 16 Februari 1992 wakristu wa Kinshasa walitoka katika parokia zao baada ya Misa, wakiandamana ili Mkutano Mkuu wa Taifa ufunguliwe tena, na wengi waliuawa barabarani. Sisi tulikuwa watoto. Habari zile tulizisikia barza, kwa redio ya mzee mmoja aliyeiweka juu ya ukuta mfupi ili wote wasikie. Betri zilinunuliwa kwa mchango. Tangu siku hiyo tulielewa kwamba habari ukiisikia peke yako nyumbani hukuogopesha, na ukiisikia pamoja na wengine huweza kuijibu.

Halafu vilikuja vita, ile ya 1996 na ile ya 1998. Hatutarudia hapa mambo ambayo kila nyumba inayo. Mapadri walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena; kanisa lilifungwa majuma mazima. Barza haina mlango. Waliotoka porini usiku walilala pale. Mama aliyempoteza mtoto njiani alikuja kukaa chini ya mwembe wa kwanza, siku moja, siku mbili, kwa sababu kila mtu aliyepita aliijua misioni, na aliyeokota mtoto angempeleka huko. Tunawajua watoto watatu waliopatikana hivyo. Leo mmoja wao ana mke na watoto, nao wamebatizwa hapa. Waliobeba chumvi na sabuni kwa baiskeli kutoka mbali walipumzika pale, wakaacha barua. Watu wa makabila yanayoogopana walikaa benchi moja, kwanza kimya, kisha mmoja akaomba moto wa sigara.

Kule Kivu ya Kaskazini wazee wa makabila walifanya jambo kama hilo kwa makusudi. Mwaka wa 1998 waliunda chombo walichokiita Barza, ili wawakilishi wa kila kabila wakae pamoja na kuzima uvumi kabla haujawa panga. Kwa miaka ya kwanza kilisaidia. Baadaye siasa ilikigawanya. Inawezekana kwamba barza ikiisha kupata ofisi na viti vya wakubwa, watu wa siasa wanaijua mara moja na kuitamani. Ile yetu hawakuitamani kamwe, maana haina kitu.

Tunapashwa hapa kuungama kosa letu. Tulipopewa kazi ya ukatekista, tulikuwa vijana wenye bidii kuliko akili. Chini ya mwembe wa pili kulikuwa na vijana waliocheza kisolo na karata tangu mchana mpaka jua kuzama. Hawakusali, hawakufanya kazi, walicheka kwa sauti wakati wa katekesimu. Tuliwafukuza. Tulifuta hata vile vishimo vya kisolo vilivyochimbwa ardhini, tukaweka miiba. Paroko wa wakati huo alituangalia bila kusema neno. Vijana wale hawakwenda kusali wala kulima. Walikwenda kwenye nganda ya kando ya barabara, mahali ambapo mtu hapati ruhusa ya kukaa bila kununua. Wawili kati yao waliingia madeni ya pombe, wakaenda machimboni kutafuta franga, na mmoja hakurudi, shimo lilimwangukia. Mama yake anasali Misa ya asubuhi kila siku, benchi ya tatu, nasi tunapita mbele yake tukibeba kitabu cha masomo. Hajatusema neno hata siku moja. Miiba tuliiondoa sisi wenyewe, na vishimo vya kisolo tulivichimba tena kwa mkono wetu, lakini ilipita miaka miwili kabla mtu hajakaa pale kucheza.

Kwa sababu hiyo hatuwezi kuwa watu wa kutulia katika shauri hili la maduka. Wenye hoja wanasema: soko liko, shirika ziko, kila kijana ana simu mkononi, nani anahitaji barza? Tunawajibu kwa heshima. Soko la leo ni la mwenye kitu cha kuuza au cha kununua, tena lina ushuru mlangoni. Nganda ni ya mwenye franga. Masomo ni ya mwenye kulipa. Simu inaleta sauti ya aliye mbali, na hilo ni jambo jema kwetu tuliotawanyika. Lakini umeme wa kuijaza unauzwa, na aliye karibu nayo hasemi na jirani yake. Hesabuni wenyewe, kutoka mto mpaka kiwanja cha ndege cha zamani: ni mahali pangapi ambapo mzee asiye na kitu anaweza kukaa tangu asubuhi mpaka jioni, asiulizwe anataka nini?

Tumehesabu, na tumepata pawili. Pa pili ni chini ya paa la stesheni ya zamani, nalo limekwisha anguka nusu.

Wengine wanasema barza imekuwa mahali pa masengenyo. Ni kweli. Tumesengenywa pale sisi wenyewe, na mengine yaliyosemwa yalikuwa sawa. Lakini ni pale vilevile palipotatuliwa ugomvi wa mpaka wa mashamba uliotaka kuleta damu kati ya koo mbili, baada ya korti kula mbuzi wa pande zote. Palitatuliwa na wanawake, kwa kuwa wao walikuwa wamekaa pale wakingoja chanjo ya watoto, wake wa koo zote mbili katika mstari mmoja, wakaanza kuulizana. Katika lusu ya babu zetu jambo hilo lisingaliwezekana, kwa kuwa wasingalikuwa na mahali pa kukaa. Tunadhani hiyo ndiyo kazi kubwa ambayo misioni iliifanya hapa bila kuipanga: kuweka benchi ambalo mwanamke, mgeni na mjukuu wa mtumwa wanalikalia kwa haki ileile.

Juu ya paa la kanisa hatuna uchawi. Tumepima uwanja pamoja na seremala wa parokia. Upande wa kaskazini, nyuma ya ghala ya zamani, kuna nafasi ya vyumba vinne vya maduka bila kugusa barza wala miembe. Kodi yake itakuwa ndogo kuliko ile ya kando ya barabara. Tumeiandika katika karatasi tuliyoiweka mikononi mwa Paroko, pamoja na hesabu ya bati. Kamati itaketi Jumamosi baada ya sikukuu ya Yubile. Inaketi siku zote katika chumba cha katekesimu, mlango ukiwa umefungwa kwa sababu ya watoto. Tumeomba safari hii iketi barza, saa ya mchana, kila mtu apitaye aweze kusikia.

Mabenchi mawili yaliyovunjika wakati wa vita yatakuwa yamerudishwa kabla ya siku hiyo. Mbao zimekwisha pasuliwa, ziko nyuma ya sakristia, zimebaki misumari.